Kidoti Anatafutiwa Shule

Wateja walimwita Kasuku, na hawakumsingizia. Kinyozi huyo alianza kuongea mteja akiwa bado mlangoni, akaendelea mpaka kumpangusa nywele shingoni, na hata mteja akishaondoka yeye alimalizia hadithi na kioo. Lakini Mungu ana mambo yake. Mtu wa maneno mengi namna hiyo alijaliwa binti mmoja tu, na huyo binti alifika miaka minne na miezi miwili akiwa na neno moja la kueleweka. Neno lenyewe lilikuwa "dii". Dii ilikuwa maji, dii ilikuwa fungua mlango, na akichukia, dii ilikuwa ondoka hapa.

Walimwita Kidoti, kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni.

Washauri hawakukosekana. Bibi mzaa mama, aliyekuwa akikaa na mtoto mchana, alisema ukoo wao wote huchelewa kusema, na wakianza hawana breki. Fundi bomba, mteja wa kila Jumamosi, alisema kimya kingi kina mshindo. Kasuku aliyapokea yote, kwa sababu yote yalimwambia asubiri, na kusubiri hakuna kazi.

Mama Kidoti hakubishana na mtu. Alikuwa akipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, na huko alikuwa amejifunza kwamba mkunjo ukiachwa unazidi kukomaa. Aliomba ruhusa siku moja, akampeleka mtoto kupimwa masikio. Mazima. Mara ya pili alimburuta na mumewe, wakaonana na mtaalamu wa usemi, mama mfupi aliyeketi sakafuni na Kidoti saa nzima wakipanga vikombe.

"Mtoto wenu anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyatoa," aliwaambia. "Msisubiri tena. Mtafutieni shule ya awali yenye elimu maalumu, aanze muhula ujao." Akawaandikia majina ya shule mbili. "Nendeni kote. Na mkifika, msitazame kuta. Tazameni mwalimu anafanya nini mtoto anapotaka kitu."

Shule ya kwanza ilikuwa na lango la bluu, sakafu inayong'aa, na watoto wanane wameketi kwenye viti vidogo, kimya kama maji ya mtungini. Mwalimu mkuu, mwanamume wa suti, aliwapokea vizuri.

"Hapa hatuna ishara wala picha," alisema. "Mtoto anasema kwa mdomo, basi. Mihula miwili tu, mtashangaa."

Kasuku alishangaa kabla hata ya muhula mmoja. Alizisoma herufi zilizobandikwa ukutani, akazisifu, akauliza rangi ile walinunua wapi. Mama Kidoti alikuwa ametazama kwingine. Mtoto mmoja wa nyuma aliinua kikombe kitupu. Msaidizi akamwambia, "Sema 'naomba maji'." Mtoto akafungua mdomo, akaufunga. "Sema." Mtoto akakirudisha kikombe mezani polepole, akakunja mikono. Hakupewa maji, na hakuomba tena.

Shule ya pili ilikuwa vyumba viwili nyuma ya maktaba, na kelele zake zilisikika kutoka barabarani. Mtoto mmoja alikuwa chini ya meza. Mwingine alikuwa anamvuta mwalimu mkono ampeleke dirishani, na mwalimu, mwanamke mnene aliyevaa raba, alikuwa anavutwa kweli. Kila mtoto alikuwa na kadi za picha zimefungwa kamba kiunoni.

"Za nini hizi?" Kasuku aliuliza.

"Asiyeweza kusema anaonyesha, baba. Na sisi kila anachoonyesha tunakisema, alisikie neno lake."

Uso wa Kasuku ulibadilika. Alivumilia mpaka wakafika nje.

"Mwanangu si bubu!" alimwambia mkewe. "Ukimpa kadi, ulimi utalala usingizi wa pono. Twende kule kwa lango la bluu, tumalize."

"Kule uliona nini?"

"Niliona nidhamu."

"Mimi niliona mtoto ana kiu," alisema Mama Kidoti, akamweleza habari ya kikombe.

Kasuku alijibu kwamba mtoto mmoja si ushahidi. Wakanuniana siku tatu. Bibi alipeleka salamu baina yao kama tarishi: "Mkwe, unaambiwa chakula tayari." "Mwanangu, mumeo anauliza shati lake liko wapi." Siku ya nne bibi akachoka, akasema wazee wamesema penye nia pana njia, lakini humu ndani nia ziko mbili na mlango mmoja, kwa hiyo mtu mmoja apishe. Wakakubaliana hivi: Kidoti apelekwe asubuhi moja ya majaribio kwa mwalimu wa raba, Kasuku awepo aone kwa macho yake.

Mwalimu aliwaomba waje na picha za vitu vya nyumbani. Mama Kidoti alizipiga kwa simu, zikachapwa: kikombe, kitanda, bibi, kiti cha kunyolea, mkasi, mashine ya kunyolea. Kasuku aliposikia orodha hiyo alikunja uso, maana hapo ndipo palipokuwa na aibu yake. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini hata mwanawe? Nywele za Kidoti zilikuwa kichaka. Kila alipomkalisha kwenye kile kiti na kuwasha mashine, mtoto alipiga yowe mpaka wapita njia wakasimama. Watu walitania kwamba binti hampendi baba yake. Yeye alicheka nao, kisha akafagia sakafu iliyokwisha fagiliwa.

Asubuhi ile mwalimu alizitandaza picha sakafuni, akakaa. Kidoti akazitazama.

"Hapo ni dukani kwangu," Kasuku alieleza, akionyesha picha ya kiti. "Hapapendi hata kidogo. Sasa hivi atataka maji. Kidoti, unataka maji, eh? Ni hicho kikombe, chukua basi..."

"Baba Kidoti," alisema mwalimu bila kugeuka, "nakuomba uhesabu moja mpaka ishirini, kimoyomoyo."

Kasuku akahesabu. Alifika kumi na tatu na hakuna lililotokea, na alikuwa hajawahi kuona kumi na tatu ndefu namna hiyo. Kwenye kumi na sita Kidoti alinyoosha mkono. Aliichukua picha ya mashine, akaigeuza kifudifudi, akaziba masikio yake yote mawili. Kisha akaichukua picha ya kiti, akatembea nayo mpaka kwa baba yake, akamwekea mapajani.

"Dii," akasema.

"Kiti," alisema mwalimu. "Kiti cha baba. Mashine hapana, kelele." Halafu akamgeukia Kasuku. "Simjui bado, naweza kukosea. Jaribuni mkasi."

Kasuku aliishika ile picha ya kiti kwa mikono miwili. Mkewe alimtazama kwa wasiwasi, maana tangu waoane hakuwahi kumwona akikosa la kusema. Mwisho alisema, "Mwaka mzima, mwalimu. Mwaka mzima nilidhani ni mimi."

"Na hizi kadi?" akauliza tena. "Ulimi hautalala?"

"Mwenye mkongojo anatembea, baba. Akipata nguvu atautupa mwenyewe."

Jumapili, duka limefungwa, mashine imewekwa kabatini, Kidoti alipanda kiti mwenyewe. Mkasi ulichukua saa nzima na nywele zilitoka na ngazi mbili upande wa kushoto. Hakulia. Jumatatu yake Kasuku alikwenda mwenyewe shule ya lango la bluu kuwaambia nafasi waliyomwekea Kidoti wampe mwingine. Mwalimu mkuu alimtakia heri, bila kinyongo.

Mambo hayakunyooka mara moja. Wiki mbili za kwanza Kidoti alilia getini, na bibi akalia naye. Kadi zilipotea, zikatengenezwa nyingine. Muhula wa kwanza uliisha na maneno sita, na Kasuku alipolalamika kwamba ni machache, mkewe alimuuliza mwaka uliopita yalikuwa mangapi. Kazi ambayo mwalimu alimpa Kasuku ilikuwa ngumu kuliko ya mtoto: kuuliza swali moja, kisha kufunga mdomo na kuhesabu. Alishindwa mara nyingi.

Kufikia mwisho wa mwaka Kidoti alikuwa na maneno arobaini na kitu, na alikuwa ameanza kuyaunga mawili mawili. Kadi bado alivaa, ingawa nyingi zilikuwa hazina kazi. Matamshi yake wageni hawakuyaelewa vizuri. Mtaalamu wa usemi alisema safari ni ndefu na hakutaja tarehe.

Siku moja binamu yake alimnyang'anya mpira uani. Zamani angelala chini apige mateke. Safari hii alimfuata mpaka ukutani, akamshika shati, akamwambia usoni, "Pira angu! Leta!"

Binamu akaurudisha. Bibi, aliyekuwa anachambua mboga, aliwaambia wagombane taratibu, akaendelea na kazi yake.