Kifua cha Kompyuta ya Zahanati

Kompyuta ya zahanati ya kiwanda cha saruji ilizimika tena Jumatatu asubuhi, daktari akiwa katikati ya kuandika jina la mtu. Fundi akaitwa. Alitandaza kitambaa mezani, akapanga bisibisi zake, akaifungua ubavu.

Alikuwa amekwisha kujaribu yote anayoyajua. Alichomoa kadi za kumbukumbu moja moja kuona ipi mbovu. Alifunga pawasaplai mpya ya kuilisha umeme, akapima umeme wa ukutani, akabadilisha feni na waya wa diski. Mashine ilikuwa kama jino linaloacha kuuma ukifika kwa daktari: akiwepo yeye, nzima, akifika getini, imezimika.

Safari hii hakuondoka. Alijibanza kwenye benchi kati ya wapakiaji wa mifuko waliokuja kupimwa vifua. Daktari aliweka picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa, akaitupia jicho, akaandika "salama", akaita mwingine. Mara kompyuta ikakohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha chini kabisa, chenye mluzi mwishoni. Kisha ikazimika.

"Umeisikia, daktari?"

"Huwa inaanza hivyo," daktari akasema. "Nilidhani ndiyo tabia yake."

Fundi alikijua kikohozi kile. Kilimwamsha kila alfajiri kupitia ukuta wa chumba cha kaka yake, mpakiaji ambaye wenzake walimwita Mwamba, kwa kuwa alibeba mifuko miwili miwili. Siku hizi Mwamba alipanda ngazi za nyumbani kwa vituo, akisingizia viatu.

Daktari alikuwa mtu wa utaratibu. Kinachokohoa hupigwa picha, basi akaipiga kompyuta picha. Chini, pande zote mbili, kulikuwa na ukungu mweupe kama maziwa yaliyomwagika.

"Vumbi la saruji," akasema bila kusita. Akaagiza hewa safi, mapumziko, na isifanyishwe kazi nzito.

Fundi alichukua picha ya kaka yake kwenye trei ya waliokwisha kupimwa, akaibandika kando ya ile. Zilikuwa kama pacha.

Daktari alizitazama kwa muda. "Zinafanana," akakubali. "Ila hii moja ina pawasaplai."

Meneja wa kiwanda alilitia saini agizo hilo siku ile ile. Mashine ni mali ya kampuni, alisema, na mali haiachwi iharibike. Kikajengwa chumba nyuma ya ofisi, mbali na tanuri, chenye kiyoyozi na mlango wenye mpira pembeni usiopitisha vumbi. Wapakiaji ndio waliokijenga, baada ya zamu. Mwamba alikoroga saruji.

"Kaka, acha kazi hii," fundi alimwambia nyumbani.

"Niache nile bisibisi zako?" Mwamba alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Na daktari kasema mimi salama, mdogo wangu. Nikimbishia nitaonekana mvivu."

Kompyuta ilipata nafuu. Mluzi ulikwisha kwanza, kisha kikohozi, na haikuzimika tena. Fundi akaajiriwa moja kwa moja, awe anaiangalia. Baada ya muda mfupi kompyuta ya getini ikaanza kukohoa, kisha ya stoo. Meneja hakushangaa, vitu vya nyumba moja huambukizana. Akaagiza vyumba viongezwe.

Mwamba alikuwa akikoroga saruji ya chumba cha stoo alipoketi juu ya lundo la mchanga na kushindwa kuinuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Wenzake walimbeba hadi mahali pa karibu penye hewa, wakamlaza kizingitini mwa chumba cha kompyuta. Fundi akaufungua mlango. Baridi safi ikatoka, Mwamba akaivuta kwa kinywa wazi, kama mtu anywaye maji.

Kengele ya mlangoni, ya kuonya vumbi likiingia, ikalia. Meneja akatoka ofisini.

"Ufunge huo mlango," akasema kwa upole. "Vumbi linaingia. Unajua hali yake."

"Na huyu?"

"Huyu amepimwa."

Fundi alitazama ndani. Kompyuta ilikuwa ikifanya kazi kimya, taa yake ya kijani haitikisiki. Akauvuta mlango mpaka mpira ukabana, yeye na kaka yake wakiwa upande wa nje, akakiweka kichwa cha Mwamba mapajani.