Alama Mbele ya Jina la Muzammil

Mimi nina hasira za karibu, na kompyuta yangu ndiyo inayozijua zaidi. Kwa hiyo Bi Ashatu alipoingia kwenye duka langu la uchapaji, hapa Bagamoyo mjini, akanikuta naigombeza mashine, hakushangaa.

"Shikamoo, Bi Ashatu."

"Marahaba, Maulida. Kitabu changu tayari?"

"Kinatoka sasa hivi. Kaa, mama."

Kilikuwa kitabu cha dua ya Shaabani. Ukoo wao una daftari la majina, wazima na marehemu pamoja. Aliyezikwa huwekewa mbele ya jina lake vijiduara viwili na mstari katikati: mawe mawili ya kaburi, na maiti aliyelala. Wenye alama husomewa rehema, wasio nayo huombewa uzima. Mwanawe Muzammil, utingo wa lori aliyeondokea Msata miaka mitatu iliyopita na asisikike tena, hakuwa na alama. Ndugu zake walitaka awekewe. Bi Ashatu alikataa katakata, akaniapisha nimwache na wazima.

Kwenye kibodi hakuna kaburi, nikatumia alama ya asilimia, maana zinafanana. Hapo nikajiponza. Mfumo ninaopangia kurasa ukiiona alama hiyo unadhani ni maelezo ya fundi, na unayaruka yote yanayofuata kwenye mstari. Ukurasa ukatoka bila marehemu hata mmoja. Walibaki wazima tu: Twalib, Adila, Bi Ashatu mwenyewe na wengineo. Nikaucheka uzembe wangu. Kisha nikapitia tena majina yale. Muzammil hakuwamo.

Nikafungua orodha niliyoinakili kutoka daftarini. Jina lake lilikuwapo, halina alama. Nikalifuta, nikaliandika upya herufi kwa herufi, nikachapa. Hayumo.

Nikajiambia kosa ni langu, kama kawaida. Dawa ya alama ile ni kuitangulizia kistari kinacholalia nyuma, ili mfumo uichape badala ya kuitii. Lakini majina huletwa na amri ndogo niliyoipachika ndani ya waraka, nayo humeza kistari kimoja njiani, kwa hiyo nikaweka viwili. Nikachapa tena. Marehemu wote wakarudi, kila mmoja na kaburi lake. Muzammil naye akarudi, ana lake.

Niliogopa. Sisemi nilishtuka, niliogopa, mchana kweupe, watu wakitoka kuswali adhuhuri. Kwenye orodha, jina lile bado halikuwa na kitu mbele.

"Vipi?" Bi Ashatu akauliza.

"Wino tu, mama."

Baada ya kumdanganya kwa mdomo nikamdanganya na kwa kazi. Nilimtoa Muzammil kwenye orodha, nikaliandika jina lake moja kwa moja ukurasani, mahali ambapo ile amri haifiki. Likatoka safi. Nikampa karatasi huku nimejikaza kutabasamu.

Aliisoma polepole, kidole kikishuka jina hadi jina. Kikasimama kwa Muzammil, ambaye jina lake halikukaa sawa na mengine.

"Huyu umemtengeneza wewe," akasema.

Nikamweleza yote.

Hakulia. Alilifungua daftari, akauinua ukurasa wenye jina la mwanawe kuelekea dirishani. Mbele ya jina, karatasi ilikuwa imekwanguliwa mpaka mwanga unapita.

"Kila Shaabani nikilitoa kashani naikuta alama," akasema. "Siiandiki mimi, na ufunguo wa kasha ninao mwenyewe. Naikwangua kwa wembe. Mwaka huu nimekwangua mara nne. Nikasema nije kwako, labda mashine haimjui."

"Sasa nifanyeje, mama?"

Alilifunga daftari, akaweka mikono juu yake.

"Wenzake wote wanarehemiwa. Yeye miaka mitatu namnyima, kwa sababu nataka mimi awe hai. Mrudishe alipokuwa, mwanangu."

Nikalifuta jina nililoliandika, nikalirudisha kwenye orodha, nikachapa. Karatasi ilipotoka hakunisubiri nimpe. Aliichukua mwenyewe, akasoma majina ya marehemu mmoja mmoja, na alipomfikia Muzammil akamwombea rehema kwa sauti, kwa mara ya kwanza.