Msimu Ambao Twilumba Alitwaa Vikombe Vyote

Jana usiku, kichwa kilipogusa tu mto, niliota nchi nzima haina vikombe vya chai. Bingwa wa tenisi ya wanawake, Twilumba Mwakatobe, alikuwa amevitwaa vyote msimu huu, mashindano baada ya mashindano. Watu walinywea chai kwenye vifuniko vya chupa na hakuna aliyelalamika. Ameshinda kihalali.

Kilibaki kimoja, cha marehemu mama yangu, chenye mpini ulioungwa kwa gundi. Nikaarifiwa kwamba ndicho kinachoshindaniwa kwenye fainali, na mpinzani ni mimi. Mimi ni fundi cherehani wa Njombe. Raketi sijawahi kushika.

Nafungua mlango wa jikoni, natokea uwanjani. Kiti cha refa hakina mtu. Kinatangaza matokeo chenyewe. Kinasema nimeshafungwa seti ya kwanza nilipokuwa natafuta viatu. Nakishukuru kwa taarifa.

Ya pili inakwenda vilevile, hadi inabaki pointi moja. Twilumba anapiga. Mpira, wenye manyoya ya njano, unakuja hadi puani kwangu, unasimama hewani.

"Mama," unaniambia taratibu, "nimepigwa tangu Januari. Nifiche."

Naachama, unaingia mdomoni.

Twilumba anadai pointi ni yake, kwa kuwa mpira umemgusa mpinzani.

"Haujamgusa, umemwingia," kiti kinajibu. "Hilo halimo kwenye sheria. Mchezo unaendelea mpaka utoke."

Nasubiri anikasirikie. Badala yake anaweka raketi chini, anazunguka wavu, anaketi karibu yangu na kunyoosha miguu.

"Dada, msimu mzima sijakaa kitako," ananiambia. "Nikikaa watasema nimechoka. Nikichoka watasema nimekwisha. Tafadhali, usiuteme upesi."

Naitikia kwa kichwa. Wavu unajikunjua, unakuwa mkeka. Anamimina chai kwenye kikombe cha mama, ananikaribisha kwanza, nami naonyesha shavu lililovimba. Basi anakunywa yeye, polepole, kisha ananirudishia kikombe na kulala mapajani mwangu. Mdomoni mwangu mpira nao unakoroma.

Nikaamshwa na mume wangu. Alisema ameniamkia mara kadhaa nami namtazama tu, mashavu yamejaa. Nikataka kumjibu, nikakohoa.

Kiganjani pakadondoka manyoya machache ya njano, yananuka mpira mpya.

Nikafumba mdomo haraka, mchezo usije ukaisha.