Rangi ya Kucha Ndani ya Simu

Fundi simu aliyeitwa Bisibisi hakuwa mtu wa kuamini kitu kirahisi. Mteja akimwambia simu imejizima tu yenyewe, alinusa kwanza tundu la chaji, na mara nyingi alikutana na harufu ya sabuni. Kwa hiyo polisi walipomkamata shemeji yake, kaka wa mkewe na katibu wa chama cha upinzani, kwa madai ya kupanga kuchoma ofisi ya uchaguzi, Bisibisi aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba ushahidi umepandikizwa.

"Hizo jumbe wameziweka wao," alisema. "Simu ni kama mfuko. Inatoa ulichotia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijibu mama mkwe, akiwatazama mmoja mmoja.

Mkewe siku hizo alikuwa na shaka zake mwenyewe. Chupa yake ya rangi nyekundu ya kucha ilikuwa ikipungua bila yeye kujipaka, na aliamini kabisa kuna vidole vya mwanamke mwingine mahali. Kila alipomuuliza, Bisibisi alicheka, na kicheko kile kilizidi kumtia hasira.

Mahakamani alisimama mtaalamu wa serikali, mama mwenye miwani na sauti ya upole. Alieleza kwamba jumbe zilizofutwa zimefufuliwa kutoka kwenye simu ya mshtakiwa, na kwamba rekodi za minara ya simu zinaonyesha simu hiyohiyo ilikuwa kwenye ghala la mkutano wa siri mwezi wa pili.

"Kila simu ina namba yake ya kuzaliwa nayo, mheshimiwa hakimu. Mtu hudanganya. Namba haidanganyi."

"Ghala hilo sijawahi hata kulisogelea!" shemeji alipiga kelele kizimbani. Wakili wake aliinamia karatasi zake. Hata mama mkwe alijifunika uso, na Bisibisi akajua kwamba mzee huyo ameshaanza kuamini.

Mtaalamu akaisoma namba yenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Bisibisi alikuwa amekunja mdomo kwa dharau, lakini zilipofika nne za mwisho, saba saba sifuri nne, dharau ilimtoka. Namba ile aliwahi kuiandika kwa mkono wake.

Kesi ilipoahirishwa hadi mchana alikimbilia kibandani kwake, akafunua daftari. Mwezi wa nne simu ya shemeji ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Bodi, ule ubao mdogo wa kijani unaobeba kumbukumbu na namba ya simu, ilikufa kabisa. Lakini Bisibisi alikuwa amejigamba mbele ya shemeji kwamba simu ya kumshinda bado haijatengenezwa. Akachomoa bodi nyingine kwenye gunia la simu mbovu alilonunua kwa muuza vyuma chakavu, akaifunga, akaandika namba yake daftarini.

"Picha zangu ziko wapi?" shemeji aliuliza siku ile.

"Maji yamezila, shemeji. Mimi nimeikausha tu."

Sasa majigambo yake yalikuwa yanampeleka jela mjomba wa watoto wake. Alimwonyesha wakili daftari.

"Utaulizwa bodi ilitoka wapi," wakili alimwambia taratibu. "Na mwezi wa pili wewe ulikuwa wapi?"

"Kibandani."

"Nani anajua?"

Bisibisi alifikiri, akakosa mtu. Hata hivyo alipanda kizimbani mchana ule.

Mwendesha mashtaka alilishika daftari kwa vidole viwili. "Hili uliliandika lini? Nusu saa iliyopita? Wewe si shemeji yake?"

Kumbe ukweli nao ukichelewa hunuka uongo. Bisibisi alimgeukia mtaalamu. "Mama, mliifungua hiyo simu?"

"Hatuna haja ya kufungua. Tunachomeka waya, tunasoma."

"Ifungueni. Kila bodi ninayoifunga naitia nukta ya rangi ya kucha chini ya kibati kinachoifunika, mteja asije akanirudishia ya fundi mwingine. Siri hiyo hata mke wangu haijui."

Hakimu akaruhusu. Mtaalamu alilegeza skurubu, akainua kibati, na hapo palikuwa na nukta nyekundu. Kisha akaligeuza ganda la simu. Ndani yake kilibaki kibandiko cha namba cha kiwandani, kimevimba kwa maji. Alikisoma mara mbili, akavua miwani.

"Namba hazifanani," alisema. "Ganda na bodi ni vya simu mbili tofauti."

Shemeji alilia waziwazi kama mtoto. Mke wa Bisibisi alitazama kucha zake, akamtazama mumewe, na aibu na mapenzi vikampanda kwa pamoja.

Mwendesha mashtaka yeye alikuwa akifungua karatasi mpya. "Kwa hiyo kabla ya kuwa yake, bodi hii ilikuwa yako. Aliyekuuzia anaitwa nani?"

"Lilikuwa gunia zima, mheshimiwa. Simjui hata jina."

"Humjui."

Askari mmoja akasogea karibu na kizimba. Mtaalamu alirudisha miwani yake usoni, akanyoosha mkono kuomba simu ya Bisibisi mwenyewe, ijulikane mwezi wa pili ilikuwa wapi. Bisibisi aliitoa mfukoni, asiiachie mara moja.

"Hii mtaifungua?" aliuliza.

Mtaalamu alikuwa ameshaanza kutafuta waya.