Plagi Ndefu za Vedastus

Vedastus hakupenda kuambiwa kitu. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto, na kukaa Dar es Salaam kulimwongezea kiburi tu. Krismasi ilipokaribia, mdogo wake Basili, kitinda mimba aliyebaki kijijini kwao Mkuu kuwatunza wazazi, alimpigia simu.

"Kaka, gari ya mzee inamisi, injini inakatakata, plagi zimechoka. Panda kwanza nyumbani, tufungue moja, ndiyo uishike mkononi ukatafute inayofanana nayo."

"Mimi wa kufundishwa plagi?" alijibu Vedastus, na alipofika Moshi akapitia maduka ya spea ya Pasua kuzinunua kabisa.

Muuza spea alimuuliza kama amekuja na ya zamani. Vedastus akacheka. Akachagua zilizong'aa kuliko zote, zenye uzi mrefu wa kukazia, maana kwa akili yake ndefu ndiyo imara. Loo, mtu mzima kununua plagi kama viatu vya sikukuu!

Mkesha wa Krismasi Basili alirudi na gari kutoka sokoni, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Vedastus akafungua boneti la ile Corolla kuukuu, akatoa plagi za zamani na kufunga mpya. Hakuzilinganisha hata kidogo. Alipowasha, injini iligonga chuma kwa chuma hadi akaruka kwenye kiti. Kuzifungua, akakuta ncha zimepondwa. Zilikuwa zimeingia ndani mno, pistoni zikazigonga. Moja ilikuwa imevunjika, na kipande chake kimebaki humo ndani.

Alirudisha za zamani, akazitupa mpya kwenye migomba, akanawa, akaenda kunywa mbege na wajomba huku akiwasimulia magari ya Dar.

Asubuhi Mzee Sirili alivaa koti ili ampeleke mkewe misani, kwa kuwa magoti ya mama hayakuweza tena ule mlima. Gari liliwaka, likakwaruza, likafa. Mzee akamgeukia Basili.

"Jana ulikwenda nayo sokoni na mikungu yako. Umeniulia gari!"

"Baba, nilirudi nayo nzima."

"Lete funguo."

Hapo ndipo Vedastus alipopaswa kufungua kinywa. Na kweli alikifungua, akasema, "Baba, usikasirike, leo sikukuu." Mama akavua kitenge chake kipya, akabaki jikoni. Vedastus aliona aibu, lakini aibu ile haikutosha kumsemesha.

Mchana, ndugu wakiwa wamekaa kuzunguka nyama ya mbuzi, Basili alitokea mpakani mwa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, ameshika jani la isale. Huku mlimani anayeomba msamaha huja na jani hilo, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Basili alipiga goti, akalitoa kwa mikono miwili.

"Baba, tusile tukiwa na hasira. Nisamehe."

"Nimekusamehe," alisema mzee akilipokea. "Ila funguo atakaa nazo kaka yako. Yeye anajua magari."

Vedastus alizipokea, masikio yakimwaka moto. Alimfuata Basili hadi bandani kwa ng'ombe.

"Kwa nini umepeleka isale?"

Basili aliingiza mkono mfukoni, akampa ile plagi iliyovunjika, bado ina udongo.

"Niliiokota migombani asubuhi hii, baada ya kunyang'anywa funguo."

"Na hukusema?"

"Kaka, uligombana na mzee ukakaa huko miaka bila kuja, na kila Desemba mama anakungoja. Ningesema, ungeshuka kurudi Dar leo leo. Mimi nitasamehewa tu, nipo hapa kila siku."

Heri angemzaba kofi. Vedastus alitaka ardhi ipasuke immeze, ila haikupasuka. Akaenda mpakani, akachuma jani, akarudi mbele ya wote na kupiga goti kwa mdogo wake. Plagi akaiweka mezani mbele ya baba yake, akaeleza yote. Basili akalipokea jani.

Vedastus alingoja matusi, na aliyatamani. Mzee Sirili hakutukana. Aliigeuza plagi mkononi, akaiweka chini, akachukua fimbo yake na kuanza kutembea polepole kuelekea mpakani.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nimemwaibisha mtoto wangu mbele ya watu, na hana kosa. Na mimi natakiwa kupeleka isale."

Vedastus aliinuka mbio akamchumie. Mzee akamzuia kwa fimbo.

"Kaa. Jani hili halitumiwi mtu, mwenye kosa hulichuma mwenyewe."

Ikabidi akae. Wote walimtazama mzee akiinama kwenye ua wa masale, akitafuta jani zuri. Alirudi nalo, akashika kiti, akaanza kujishusha taratibu mbele ya kitinda mimba wake. Basili alilia akimzuia asipige goti. Vedastus akajifunika uso kwa viganja vyake, na bado vilikuwa vinanuka petroli.