Dagaa wa Moti

Moti alianguka tena, kifudifudi ndani ya wali. Mguu mmoja ulikwenda kushoto na mwingine kulia, na kila alipojaribu kuikusanya iliteleza, akabaki amekalia tumbo, mabawa yameenea sakafuni, akilia kile kilio chembamba ambacho mtu akikisikia mara moja hakimtoki tena. Ba alimwinua kwa viganja viwili, akampangusa wali machoni, akamsimamisha. Akaanguka.

"Taramati," Ba aliniambia, "niletee mafuta ya ufuta. Yapashe kidogo."

Ba ni bibi yangu, mama mzaa baba. Jina lake Madhuben, ila pale mtaani Kambarage hata wasio wa jamaa zetu walimwita Ba tu, kama sisi Wagujarati tunavyomwita mama au bibi. Wazazi wangu walikuwa na duka Ushirombo. Mimi niliachwa Shinyanga, kwa Ba na babu Champaklal, ili nisome. Mwaka wenyewe ni ule wa njaa, sabini na nne, mvua ilipotukimbia na mchele ukawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Na mchele huo huo wa kunong'onewa ndio Ba aliokuwa akimlisha kifaranga! Anachota kwenye sahani yake mwenyewe, anaponda na dengu kwa vidole, anapuliza upoe. Mimi mjukuu sikupuliziwa hata siku moja.

Alikuwa kifaranga wa jirani yetu Mwanne, Mama Abdu. Lori la pamba lilimkanyaga mama yake barabarani, mwewe wakawamaliza wenzake mchana kutwa, akabaki yeye, amejibanza chini ya ngazi yetu. Nilimleta ndani nimemkunjia kwenye sketi, nikijua kabisa tutafukuzwa wote wawili. Nyumba yetu haikujua nyama, wala samaki, wala yai. Ba hata akipewa biskuti ugenini alikuwa anauliza kwanza imechanganywa na nini. Lakini siku ile alimtazama yule kiumbe, akaniuliza, "Mama yake yuko wapi?" Nikamwambia. Akaenda kutafuta boksi la sabuni, akalitandika kipande cha sari yake kuukuu, akaliweka stoo, mbali na mwewe, mbali na vumbi, mbali na jua kali. Akamwita Moti. Kwa lugha yetu ni lulu.

Nikizikumbuka siku zile moyo unanilainika, sifichi. Upepo ulikuwa ukileta nyuzi za pamba kutoka kiwandani, zinanasa kwenye wavu wa dirisha, na mimi nilikuwa nazikusanya nikizifanya mto wa Moti. Ndani kulinukia iliki na ubani. Alfajiri Ba akipiga kengele yake ndogo ya sala, Moti anamjibu kutoka stoo, chwii, chwii, na Ba anacheka peke yake. Bibi yangu yule hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Mwanawe wa mwisho alikuwa amekwenda ng'ambo na hakurudi, na tangu hapo meno yake tuliyaona kwa nadra.

Halafu miguu ikaanza. Kwanza alikuwa anakaa kaa tu, tukadhani ni uvivu. Kisha akawa anatembelea magoti. Ba akamchua kwa mafuta ya ufuta na manjano. Akamfunga miguu kwa uzi wa sufu ili isitawanyike. Akamwongezea wali, akazidi kumfungia stoo asije akachoka. Kila alilofanya alilifanya kwa mapenzi, na kila alilofanya lilimzidishia kifaranga udhaifu.

Ndipo Mwanne alipokuja kutuaga. Mumewe, Akida, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na habari zilikuwa zimefika kwamba homa imemlaza. Alipitia mlango wa uani, kitenge kimefungwa kisafari.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, Mama Abdu. Hebu njoo umwone mwanao."

Mwanne alichungulia boksini. Kwanza alicheka, na kicheko cha Mwanne kilikuwa kinafika sokoni. "Lo! Kakaa kama shehe kwenye jamvi!" Kisha akachuchumaa, akaupapasa mguu, kicheko kikakatika. "Mnampa nini huyu?"

"Wali na dengu," nilijibu kwa fahari. "Na maziwa."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Basi? Wadudu je? Dagaa? Juani anatoka?"

Mimi na Ba tukatazamana.

"Yarabi! Ba, kuku mmemlea Kihindu!" Alijipiga paja, lakini safari hii hakucheka. "Huyu ana matege, kama mtoto wa mtu. Mtoeni nje achakure, apigwe na jua. Na mpeni dagaa. Bila dagaa huyu Ijumaa hamfikishi."

"Mchukue wewe," Ba alisema haraka.

"Nimwachie nani? Basi ndilo linaloondoka hilo. Na wale kuku wangu waliobaki wakiona kiwete watamdonoa mpaka afe." Alitoka mbio, akarudi mbio, akaweka ukutani kifurushi cha gazeti. "Dagaa hao. Watwangeni. Kwaherini, niombeeni mume wangu."

Basi tukabaki sisi watatu uani: Ba, mimi, na Moti. Na kifurushi.

Jua na mchanga havikuwa na tabu. Ba alilitoa boksi mwenyewe, akamwaga mchanga mkavu kwenye kona, akamlaza Moti juu yake. Kifaranga alimwona siafu, akanyoosha shingo amdonoe, akaanguka ubavu. Tukamsogezea wali, akafumba macho. Ba akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anakitazama kile kifurushi kama mtu anayetazama nyoka juu ya ukuta.

"Nikimpa," alisema, "samaki hawa wote wamekufa kwa ajili yangu. Nisipompa, nimemuua mimi mwenyewe, kijiko kwa kijiko, kwa wali wangu."

"Lakini samaki wamekwisha kufa, Ba!"

"Ndivyo wanavyosema wote wanaowala."

Jamani, nilikasirika! Niliona mtu mzima anachelewa na kitu kinachoeleweka. Sikujua kwamba mwanamke yule, tangu azaliwe katika duka la baba yake kule Songwa, hajawahi kugusa mzoga hata wa kumbikumbi. Hilo ndilo alilokuwa nalo, ndilo alilotarajia kwenda nalo mbele ya Mungu wake: mikono isiyo na damu.

Jua likapita utosini. Moti akalaza kichwa kwenye mchanga, utando mweupe ukamfunika jicho. Hapo nikashindwa. Nilipanda ndoo, nikakiangusha kifurushi, nikatafuta jiwe, nikachuchumaa. Ile harufu ilinipiga puani, nikakaza roho. Nimeinua jiwe juu, nikahisi mkono wa Ba umekamata wangu.

"Lete."

"Ba, mimi sijali."

"Najua hujali. Wewe bado hujajua unachokishika." Akalivuta jiwe, polepole, mpaka likanitoka. "Kama ni dhambi, haitashikwa na mtoto. Sogea kule."

Akajifunika pua kwa ncha ya sari, akageuza uso ukutani, akatwanga. Alikuwa analia. Sitasema ilikuwa harufu, kwa sababu nilikuwepo na nilimwona. Nililia na mimi. Dagaa walipokuwa unga, aliwachanganya na wali kidogo, akauweka kwenye kiganja chake cha kulia, kile kile cha kutolea sadaka, akapiga magoti kwenye mchanga.

Moti alifumbua jicho. Akadonoa mara moja, kama anayeonja. Akadonoa tena. Kisha akala kwa pupa, shingo imenyooka, akimdonoa Ba kiganjani mpaka Ba akasema "Aee! Pole pole, wewe!"

Baada ya hapo Ba alijimwagia ndoo nzima ya maji baridi, nywele na vyote, akabadili sari, ndipo akaingia kusali. Ikawa desturi. Kutwanga, kulisha, kuoga, kusali, na maji yenyewe mwaka ule tuliyafuata kwa foleni.

Babu aliporudi kutoka dukani kwake siku ya kwanza alisimama mlangoni, pua juu. "Nyumba yangu inanuka nini?"

"Dagaa," Ba alisema.

"Nani anakula dagaa humu ndani?"

"Mgonjwa." Akamwekea chapati sahanini.

Babu alinitazama mimi, akatazama uani, akatazama chapati. Akala. Kesho yake alirudi kupitia mlango wa nyuma, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Amesimama?"

Alisimama, siku ambayo wala hatukuwa tukimwangalia. Nilisikia Ba ananiita kwa sauti ya msichana, nikatoka mbio, nikamkuta Moti katikati ya uani, miguu inatetemeka lakini iko chini yake, yote miwili. Alikuja kuwa tetea mwenye makeke. Mayai yake yalivushwa ukutani kwa Mwanne, ambaye alirudi kutoka Geita na Akida wake mzima, akaapa mbele yetu kwamba Moti hataguswa na kisu.

Lakini maneno nayo yana miguu. Yalifika hekaluni. Diwali ya mwaka ule wanawake waligawana vitamu vya kupika, na Ba, ambaye barfi yake ya maziwa na sukari ilikuwa inasubiriwa mwaka mzima, hakupewa hata sukari ya kukoroga. Mama mmoja alivuta mkeka wake pembeni Ba alipokaa. Niliona. Nilitaka kumng'ata.

Kesho yake nilimkuta Ba amekaa uani, kanga mabegani, anamtazama Moti akichakura na kurusha mchanga nyuma kwa nguvu, mguu huu, mguu huu.

"Ba," nikamwuliza, "Mungu ameshakusamehe?"

Hakunigeukia.

"Msamaha sikumwomba," alisema. "Nilimwomba miguu."