Kamba ya Mzee Milimita

Waliomjua Baba walimwita Milimita, na hawakumsingizia. Jeshini alikuwa akitegua mabomu ya ardhini. Alipotoka akawa mhandisi wa madaraja mpaka alipostaafu. Hata mkate alikuwa akiupima kwa jicho kabla ya kuukata. Mtu aliyetegua mabomu hakisii, alisema, na Mama akamjibu kwamba mkate haulipuki.

Macho ya Mama yalipoanza kuzimika, Baba hakupiga kelele. Alikaza pete za chuma ukutani, usawa wa kiuno cha Mama, akapitisha kamba ya manila kutoka kitandani hadi barazani. Njia ikishasafishwa mabomu, alitueleza, huvutwa kamba ili anayefuata apite salama hata gizani. Akafunga mafundo: moja penye mlango wa jikoni, mawili bafuni, matatu barazani.

Mama alimcheka. Kamba ya nini, na mume yupo? Baba akasema ni ya siku atakapokuwa hayupo. Mama akanuna mpaka jioni.

Siku hiyo ikafika. Tulipomzika, nyumba ilifurika watu, na wakati wote huo Mama alishikwa mkono kila alipokwenda. Wageni walipotawanyika, hakuinuka kitandani. Chai tuliyompelekea ilipoa.

Kaka mkubwa akakata shauri: nyumba iuzwe, Mama ahamie kwake, ghorofa ya nne. Dalali alikwisha kupigiwa simu. Nikamwambia Kaka kwamba Mama huyu juzi tu alikuwa akipika maharage mwenyewe. Akanijibu kwamba juzi Baba alikuwepo.

Nikaenda chumbani. Mama alikuwa ameupa mlango mgongo, kiganja chake kikipapasa ukuta, kinakwenda, kinarudi.

"Mama, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Mmeshaitoa. Kama mmeamua niondoke mngeniambia tu, kuliko kunikatia njia kimyakimya."

Nikatazama ukuta. Pete zilikuwepo, tupu.

Nilitoka mbio na hasira zangu, nikamkuta Shangazi anafagia. Huyu dada yake Baba ni mchapakazi asiyejua kuuliza. Akashika kichwa. Alidhani ni kamba ya kuanikia nguo, na ilikuwa inazuia viti vya wageni. Akaizungusha vizuri akaiweka stoo, na kwa kupenda kwake unadhifu, akafungua mafundo yote.

Nilikuwa na maneno ya kumpa. Lakini alikuwa analia, naye alikuwa amempoteza kaka yake. Nikayameza.

Kaka aliitoa kamba nyuma ya gunia la mkaa. Hakuna kati yetu aliyejua mafundo yalikaa wapi hasa. Nikarudi kwa Mama, nikamweleza yote, nikamwambia bila yeye hatuwezi. Akaomba kanga yake.

Alitembea mbele, mkono mmoja kwenye kamba, Kaka akipitisha kwenye pete, mimi nikifunga. Fundo la jikoni alinifungulia mara mbili.

"Umewahi mno. Baba yenu hakukosea milimita, wewe unataka nigonge mlango?"

Shangazi akacheka huku anafuta machozi. Tulipofika barazani nikafunga matatu, nikadhani tumemaliza. Mama akanyoosha mkono mpaka pete ya mwisho, karibu na kiti cha Baba, akaniambia nifunge jingine, kubwa. Hilo sikulijua.

"Hili lilikuwa letu wawili," alisema. "Aliniambia, ukilishika hili, kaa chini, umeshafika."

Akakaa kwenye kile kiti, fundo mkononi. Alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nasi tukamwacha alie. Nilimkumbuka Baba mpaka kifua kikauma, na bado nilifurahi.

Kaka akamuuliza Mama kama aletewe chai.

"Nyinyi ni wageni wangu," Mama akasema, akinyanyuka. "Kaeni."

Akaondoka taratibu, mkono kwenye kamba. Penye fundo la jikoni akageuka, akaingia. Tukasikia sufuria. Kaka akatoa simu, akamwambia dalali asije.